Lindo Lililonyamaza Kisimani

Namtukuza Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na macho ambayo bado yanasoma na vidole ambavyo bado vinaandika, katika umri ambao wengi wa rika langu wamekwisha kupumzika. Yeye anaona kila mkono unaofanya kazi pasipoonekana, wala hahitaji chombo cha kumwonyesha. Sisi tunahitaji vyombo, na chombo nilichokitegemea mimi kilinyamaza pale ambapo mtu mmoja alihitaji kiseme. Habari yenyewe ndiyo hii, kama nilivyoiona.

Naishi Mkonze, pembeni mwa mji wa Dodoma, katika nyumba niliyojenga na marehemu mume wangu wakati ambapo barabara ilikuwa bado haijafika. Ujanani nilisoma chuo cha wainjilisti, kisha nikageukia hesabu, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kufundisha kompyuta. Kwa hiyo kanisani na sokoni wananiita mama mwalimu. Mtu akisumbuliwa na simu, redio au sola huja kwangu, kana kwamba vyote hivyo ni ugonjwa mmoja.

Mbele ya Mkonze, kwa mwendo mfupi wa bodaboda, kuna kijiji chenye kisima kirefu cha kanisa. Mradi mmoja ulikuja na mafundi wake, wakachimba, wakafunga pampu ya sola, na katika kibanda cha bati wakaweka sanduku la chuma lenye kompyuta ndogo isiyozidi pakiti ya majani ya chai. Walitufundisha siku chache, tukawapikia kuku, wakaondoka. Programu waliyoiacha ikaja mikononi mwangu kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuipokea.

Programu ile haifanyi kazi kama mtu mmoja. Ndani yake mna wafanyakazi kadhaa wanaokwenda kwa wakati mmoja, na sisi wa fani hii huwaita nyuzi. Uzi mmoja hupima kina cha maji, mwingine hutazama joto la pampu, na uzi mkuu hukusanya habari zote na kuamua. Uamuzi wenyewe hukaa katika namba moja tu. Namba hiyo ikiwa moja, pampu inazunguka. Ikiwa sifuri, hata kwa kufumba na kufumbua, pampu inazima. Uzi mkuu huiandika upya kila sekunde, lakini nyuzi nyingine nazo zinaweza kuifikia.

Na pampu ikishazima haiwaki yenyewe. Kwa ajili ya usalama, mafundi waliipanga hivi: lazima mtu afungue sanduku kwa ufunguo na kuinua swichi kwa mkono wake. Mwenye ufunguo alikuwa mmoja tu, mhudumu wa pampu.

Alikuwa Mgogo mtu mzima, mdogo kwangu kwa miaka michache, mrefu, mwenye ndewe zilizotogwa zamani. Alichunga ng'ombe mpaka ng'ombe walipokwisha, akaja kuipokea imani akiwa tayari na wajukuu. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analichagua kabla ya kulitoa. Asubuhi alifagia kibanda, akafuta vumbi kwenye mapaneli kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha akakaa kwenye kigogo mlangoni na kusikiliza pampu. Aliniambia mara moja kwamba anaijua sauti yake kama alivyowajua ng'ombe wake.

Kiangazi kilipokolea, pampu ilianza kuzima mchana. Jua linawaka, kisima kina maji, mapaneli ni safi, na ghafla kimya. Akina mama waliopanga ndoo hunyanyua vichwa. Mhudumu hufungua sanduku, huinua swichi, maji hurudi. Wiki moja ilitokea mara kwa mara, wiki iliyofuata haikutokea kabisa.

Watu wakaanza kusema. Mhudumu alikuwa na mpwa anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda, madumu kwa madumu, na maji ya bomba yakikatika biashara ya punda huchangamka. Hakuna aliyesema alimwona mhudumu akishusha swichi. Walisema tu kwamba pampu ikilala, punda anaamka, na wakacheka, na kicheko hicho kikafika mpaka kwenye kamati ya maji.

Kamati hukutana kanisani Jumapili baada ya ibada, nami ni mjumbe wake. Mwenyekiti wetu ni bwana afya mstaafu, mtu wa haki anayependa mambo yaende kwa utaratibu. Tuna desturi tuliyoirithi kwa wazee waliotutangulia. Jambo likishaelezwa, mwenyekiti huuliza, "Kuna neno?" Hutazama kulia, hutazama kushoto, na kama hakuna anayesema, hugonga meza kwa kalamu na jambo limepita. Aliyenyamaza amekubali, na hawezi kuamka kesho akalalamika njiani. Desturi hiyo imetuepusha na magomvi mengi, namshukuru Mungu kwa ajili yake, ingawa ndiyo iliyotuumiza safari hii.

Siku hiyo mwenyekiti alieleza vizuri. Pampu inazima kwa njia mbili tu: programu iiamuru, au mkono wa mtu ushushe swichi ndani ya sanduku. Kama ni mkono, mwenye ufunguo ni mmoja. Mhudumu alikuwa amekaa benchi la nyuma, kofia magotini.

Niliomba nafasi. Niliwaambia kuna chombo kinachoitwa kitatuzi, nacho ni programu ya kutafutia makosa ndani ya programu nyingine. Ukikielekeza kwenye namba moja, kitatuzi huiomba chipu yenyewe ya kompyuta iiwekee namba hiyo lindo. Chipu yetu ina malindo manne, nami nilihitaji moja tu. Tangu hapo uzi wowote utakaoibadilisha namba ile utakamatwa palepale, na kitatuzi kitaandika kwenye skrini uzi uliofanya hivyo na mahali ulipokuwa.

Mama mmoja wa kamati, mkulima wa zabibu ambaye haogopi mtu, akaniuliza kama mlinzi huyo analipwa.

"Maana wa shuleni kwetu halipwi," akasema, "na analala mpaka mbuzi wanakula ua."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikasema ni kweli, mlinzi mpya hapewi mlango kabla hajajaribiwa, na ningeomba nimjaribu kwanza. Mwenyekiti akasema kujaribiwa kwake kutafanyika hukohuko kisimani. Akauliza kama kuna neno. Hapakuwa na neno.

Basi nikapeleka kompyuta yangu ya mkononi kibandani, nikaiunganisha na ile ndogo wakati programu ikiendelea kufanya kazi, maana hakuna aliyetaka maji yazimwe kwa ajili yangu, nikaweka lindo. Nilimwomba mhudumu asiiguse. Nilimwonyesha mwenyekiti skrini na kumweleza kwamba lindo likisema, maandishi yatasimama na jina la uzi litaonekana, na lisiposema, mstari utabaki kama ulivyo.

Siku nilizokaa pale zilikuwa siku njema. Mhudumu aliniletea uji wa uwele katika kikombe cha bati, tukanywa tukisikiliza pampu. Aliniuliza huyo mlinzi anakaa wapi hasa. Nikamwonyesha chipu, kipande cheusi kisichofika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Aliinama, akakitazama kwa muda, kisha akakisalimu kwa heshima zote.

"Mbukwa," akasema, kama wanavyosalimiana Wagogo.

Akasubiri. Kisha akanigeukia. "Hajibu. Labda ni Mrangi."

Nilicheka mpaka uji ukanimwagikia. Hata sasa nikikumbuka kicheko kile, moyo unaniuma, kwa sababu alicheka kama mtu asiye na jambo la kuogopa.

Pampu ilizima siku ambayo sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda Makole kwa binti yangu, anipeleke kupimwa macho. Niliporudi, mkulima wa zabibu alinisubiri mlangoni kwangu na kunisimulia. Maji yalikatika adhuhuri, foleni ikiwa ndefu. Mhudumu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa nyuma ya kibanda akijisaidia. Aliposikia kimya, akaja mbio. Kabla hajafungua sanduku, mwenyekiti, ambaye nyumba yake haiko mbali, alikuwa amefika na wajumbe wawili. Akamwambia asubiri. Wakaingia kutazama skrini.

Mstari ulikuwa kama ulivyo. Hakuna uzi uliotajwa. Namba ilisomeka moja.

Mwenyekiti akasimama mbele ya kompyuta yangu kama anavyosimama mbele ya kamati. Akaiuliza, "Kuna neno?" Mama aliyenisimulia hakujua kama alikuwa akitania au la. Wakangoja kidogo. Kisha mwenyekiti akagonga sanduku kwa kalamu.

Jioni hiyohiyo nilimwendea. Nilimwambia kwamba namba kusomeka moja si kitu, maana uzi mkuu huirudisha baada ya sekunde. Nilimwambia pia kwamba mjumbe anayenyamaza kwenye kamati tunajua ana mdomo, lakini shahidi ambaye hatujawahi kumsikia akisema hatuwezi kukihesabu kimya chake kuwa ni jibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyo. Akasema ni hoja ya haki, nijaribu lindo langu hata nyumbani, na Jumapili nilete majibu.

Niliiandika programu ya majaribio barazani kwangu. Ilikuwa fupi: nyuzi kadhaa, kila mmoja na namba yake, na kila mmoja ukiibadilisha namba hiyo tena na tena bila kupumzika. Ukiweka lindo kwenye namba mojawapo, unajua kwa hakika kwamba itaguswa, na unajua ni nani atakayeigusa. Kama mlinzi ni kipofu, utamjua. Nilikuwa na kompyuta ndogo nyingine ya aina ileile, mafundi waliiacha kama akiba, yenye kitatuzi kilekile. Niliziacha nyuzi zianze kazi, kisha nikaweka lindo kwenye namba ya uzi wa kwanza.

Lilisema mara moja. Lilitaja uzi wa kwanza na mstari wake. Nikalihamishia kwenye namba ya uzi wa pili, likautaja uzi wa pili. Nikaweka malindo mawili kwa pamoja ili nilichanganye. Halikuchanganyikiwa. Nilijaribu kwa kila namna niliyoijua, na kila mara lindo lilikuwa aminifu. Katika kazi yangu yote sijawahi kuhuzunishwa hivyo na jaribio lililofaulu.

Mwenyekiti alipita siku ya pili, akaketi nami barazani, akaona kwa macho yake. Sikuweza kumficha, wala nisingetaka. Aliaga kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye geti aligeuka, akasema, "Kwa hiyo linaweza kusema, mama. Na kule halikusema." Nikamwitikia kwamba ndivyo ilivyo.

Jumapili nilitoa taarifa. Nilisema nimelijaribu lindo nikaliona zima, na kwamba pamoja na hayo namwamini mhudumu, sina la kuonyesha ila moyo wangu.

"Moyo hatuwezi kuuandika kwenye muhtasari, mama," mwenyekiti akasema, na hakusema kwa dharau.

Akamgeukia mhudumu, akampa nafasi. Mhudumu alisimama, kofia mkononi.

"Mimi sikuzima," akasema. "Neno langu ni hilo tu. Sina lingine la kuongeza juu yake."

Kabla hajaambiwa chochote, alitembea mpaka mbele, akaweka ufunguo mezani na kurudi kukaa. Mwenyekiti akauliza kama kuna neno. Niliomba niongezewe muda, akanikumbusha kwa upole kwamba muda niliuomba nikapewa, na jibu nimelileta mwenyewe. Kalamu ikagonga meza.

Wiki ile mhudumu alifunga virago akaenda Mtera, kwa dada yake aliyeolewa na mvuvi. Hakuja kuniaga, na sikumlaumu.

Mimi niliendelea kwenda kibandani. Nilikaa kwenye kigogo chake, maana hapakuwa na kiti, nikiisikiliza pampu kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua. Ndani ya sanduku kuna kitaa cha kijani. Mwanakijiji akitaka kujua kama maji yapo, hutuma ujumbe wa simu kwenye laini ya kisima, kitaa huwaka, na programu humjibu. Nilikuwa nimekiona kikiwaka mara nyingi bila kukifikiria. Siku hiyo kiliwaka, kikazima, kikawaka, nami nikajiuliza ni uzi gani unaomjibu mtu huyu.

Nilifungua programu na kusoma. Kila ujumbe unapoingia, uzi mpya unazaliwa. Unasoma kina cha maji, unatuma jibu, unakufa. Kwa siku moja huzaliwa na kufa nyuzi za aina hiyo nyingi kama kumbikumbi. Na zote huzaliwa baada ya lindo kuwekwa.

Katika jaribio langu la barazani hakuna uzi uliozaliwa baadaye. Nilikuwa nimeziacha zote zianze kazi, ndipo nikaweka lindo. Mlinzi alizikuta zote ukumbini.

Nilirudi nyumbani nikageuza mpangilio. Safari hii niliweka lindo kwanza, kisha nikaziruhusu nyuzi zizaliwe. Namba ikawa moja, ikawa sifuri, ikawa moja, niliiona kwa macho yangu ikibadilika. Lindo halikusema. Nikarudia. Halikusema.

Sababu yake niliielewa baada ya kusoma sana. Chipu hailiweki lindo kwa ajili ya programu nzima. Kila uzi hubeba amri yake ya lindo, na ni kazi ya kitatuzi kumpa amri hiyo kila mzaliwa mpya kabla hajaanza kutembea. Toleo la kitatuzi tulichoachiwa na mafundi lilikuwa la zamani, nalo lilisahau kufanya hivyo. Uzi mpya ungeweza kuandika sifuri, pampu ikazima, uzi mkuu ukarudisha moja, na mlinzi, aliyeacha moja na kukuta moja, akaendelea kutazama mahali palepale bila kuona chochote. Nilitafuta toleo jipya, nikalijaribu kwa mpangilio uleule. Lilisema.

Nilimpelekea mwenyekiti mashine zote mbili nyumbani kwake, nikamfanyia majaribio mbele yake, la zamani na jipya. Alivaa miwani. Aliniomba nirudie.

"Kwa hiyo programu ndiyo iliyozima?" akauliza.

"Sijui, mwenyekiti. Ninachojua ni kwamba tulikuwa hatuoni."

Alivua miwani. "Basi hujaniletea jibu, mama mwalimu. Umeturudisha pale tulipoanzia."

Nikakiri kwamba ndivyo. Nikasema hata kurudi pale tulipoanzia ni haki ya yule mtu, kwa kuwa alipoanzia hakuwa na hatia. Mwenyekiti hakubisha. Aliahidi kwamba lindo jipya litawekwa, na siku litakapoutaja uzi, yeye mwenyewe atakwenda Mtera kumrudisha mhudumu kwa heshima.

Liliwekwa. Tukangoja. Ndipo mvua zikaanza.

Msomaji wa nyanda zetu anajua mvua inavyobadilisha kila kitu. Mabati yakatoa maji, mashimo yakajaa, foleni kisimani ikawa ya watu wachache. Hakuna aliyetuma ujumbe kuuliza kama maji yapo, maana yalikuwa yanapita mlangoni kwake. Kitaa cha kijani kikalala. Pampu ikazunguka bila kuzima hata mara moja.

Niliwaomba wanakwaya wanikusanyie simu zao, tukatuma ujumbe kwa wakati mmoja kutoka uani mwa kanisa, tukatuma tena, tukicheka mwanzoni na baadaye bila kucheka. Pampu ilizunguka. Nilisoma programu mstari kwa mstari. Kuna mahali nilipopatilia shaka, pale nyuzi mbili mpya zinapoweza kukutana kwa bahati mbaya, lakini kushuku si kuona. Niliomba ruhusa ya kuparekebisha. Kamati ikasema maji yanatoka, isiguswe. Na moyoni nilijua kwamba nikiirekebisha, nitakuwa nimemfukuza shahidi pekee wa yule mtu.

Watu sasa walikuwa na neno jipya, na walilisema bila chuki, kama mtu anayetaja hali ya hewa: tangu aondoke, maji hayakatiki.

Nilijikuta katika sala nikiomba pampu izime. Nikakumbuka akina mama na ndoo zao, nikatubu. Kesho yake nikaomba tena.

Mwisho nilipanda basi kwenda Mtera. Nilimkuta kando ya bwawa, chini ya paa la nyasi, akipanga samaki kwenye chanja. Alifurahi kuniona. Aliniuliza habari za kanisa, za binti yangu wa Makole, za macho yangu. Aliuliza pia kama mapaneli yanafutwa. Kisha nikamweleza yote, jaribio la kwanza na la pili, nyuzi zinazozaliwa baadaye, mlinzi asiyeziona. Nilieleza taratibu kwa Kiswahili chepesi, naye alifuata vizuri.

"Sasa anaona?" akauliza.

"Anaona."

"Amemwona nani?"

"Hajamwona mtu, baba. Pampu haijazima tena."

Aligeuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Tangu nilipoondoka," akasema.

"Tangu mvua zilipoanza."

"Watu wanahesabu kuanzia nilipoondoka." Alitabasamu kidogo, kama siku ile aliposalimu chipu. "Mama mwalimu, umefanya kazi kubwa. Lakini usichoke kwa ajili yangu. Mungu hakuwa nyuma ya kibanda."

Tulisali pamoja, yeye kwa Kigogo na mimi kwa Kiswahili, na sijui nani alimaliza kwanza. Alinifungia samaki wakavu kwenye gazeti nije nao nyumbani. Nilimwomba arudi hata kusalimia tu. Alisema atarudi siku atakayoitwa.

Hajaitwa mpaka leo ninapoandika. Kiangazi kingine hakijafika. Kitakapofika, foleni zitarefuka, watu wataanza tena kutuma ujumbe, na huenda lindo likasema, huenda lisiseme. Sina uwezo wa kulilazimisha. Lililo ndani ya uwezo wangu ni dogo, nalo nalifanya. Kila Jumapili tunapokutana, muhtasari wa kikao kile ambapo mhudumu aliuweka ufunguo mezani husomwa ili uthibitishwe, na mwenyekiti huuliza kama kuna neno. Mimi huinuka kwa kushikilia benchi, magoti yangu si ya zamani, na kusema, "Lipo." Hurudia yaleyale niliyokwisha kuyasema: mlinzi alikuwa haoni, kwa hiyo kimya chake si ushahidi. Mkulima wa zabibu hutania kwamba mama mwalimu ameimba ubeti wake. Mwenyekiti hutikisa kichwa, kalamu hubaki mkononi, na muhtasari haupiti. Haujapita hata leo.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akulinde kwa macho yasiyosahau waliozaliwa nyuma. Akupe maji yasiyokatika na jina lisilochafuliwa, na siku utakaponyamazishwa, akuinulie mtu wa kusimama na kusema kwamba neno lipo. Amina.